Kata Yako Nimempa Mkwe

Mama Zena,

Usishtuke kuona mwandiko. Ni mimi mumeo, kwa mkono wangu mwenyewe. Ulikuwa ukisema nitakufa sijui kuandika hata jina langu. Basi nimeingia darasa la watu wazima hapa Misima, na mwalimu anasema katika wazee mimi ndiye wa kwanza. Tuko wazee watatu, lakini wa kwanza ni wa kwanza.

Mahindi yameshika vizuri. Yule jogoo wako mgomvi bado yupo, ananidonoa miguu. Nyumba ndiyo imekuwa kimya. Hilo sitaki kuliandika sana.

Ninalo la Zena. Alikuja kutoka Mazinde, mtoto wake wa tano ametimiza arobaini, nikamwona anavyokaa. Anakaa upande, kama ulivyokaa wewe. Akiinua ndoo anashika chini ya kitovu. Nikajua kizazi kimeshuka, kama chako baada ya kitinda mimba wetu.

Sasa, baba hamwulizi binti yake mambo ya huko. Nikamwita dada yangu, shangazi yake. Zena akakaa jikoni, mimi nje nimeupa mlango mgongo, shangazi kizingitini katikati yetu. Nasema, "Mwambie aende hospitali Korogwe." Shangazi anageuka, "Baba yako anasema uende hospitali Korogwe." Na Zena amesikia tangu mwanzo, anacheka huko jikoni! Lakini adabu ilikaa mahali pake.

Wakaenda wawili. Akaambiwa yale yale uliyoambiwa wewe. Kuna kupasuliwa. Kuna pete ya mpira, inawekwa ndani ishikilie kizazi, naye arudi kila baada ya miezi michache nesi aitoe, aioshe, atazame kama kuna kidonda. Na kila siku abane mwili wa chini kama anayezuia mkojo, ahesabu, aachie. Na mizigo mizito asibebe. Daktari akasema hakujaharibika sana, achague mwenyewe. Akachagua pete, kama mama yake. Kupasuliwa hakukimbii, alisema, pete ikimshinda atarudi.

Halafu akaja Mhando, mumewe. "Shikamoo baba," mpole, amekaa mwisho wa mkeka. Kumbe anataka mkewe apasuliwe yaishe, arudi kuchota maji. Kisima chao kiko mbali, anasema, na yeye akionekana na debe kichwani wenzake wa mkonge watamcheka mpaka ahame.

Mama Zena, nilifungua mdomo nimkaripie, ukafunga wenyewe. Maneno yale yalikuwa yangu. Si mimi niliyekuambia ukapasuliwe, kwa kuwa mimi nilipasuliwa mshipa nikapona haraka kuliko mtu yeyote? Na ulipokataa nikasema basi nitakukatia pete mwenyewe kwenye mpira wa baiskeli, nesi akanifukuza chumbani. Wewe ukanijibu: "Mwili ni wangu, Baba Zena. Wewe una shingo." Ukachukua kanga kuukuu, ukasokota kata ya kubebea mtungi, ukaniwekea kichwani. "Mimi nina pete yangu, na wewe hii ndiyo yako."

Siku ya kwanza nilirudi na nusu mtungi, nusu nyingine iko kwenye shati. Wanawake kisimani walishika mbavu. Lakini mwezi haujaisha, hakuna mwanamume Handeni nzima aliyebeba kama mimi, bila kushika! Hata Bwana Shauri, mkubwa wa wilaya, alisimamisha gari kunitazama. Ulisema alisimama kwa ajili ya ng'ombe barabarani. Haya. Miaka tisa nilikubebea, mpaka ile homa ikakuchukua. Na harusi ya Zena ulicheza ngoma kutwa nzima, pete yako ndani, mimi mbele yako najidai.

Basi nikaingia ndani. Kata ilikuwa msumarini, sikuwa nimeigusa tangu tukuzike. Ina harufu yako bado. Nikasimama pale... haya, nikatoka. Nikaiweka mkekani mbele ya Mhando, nikachukua debe, nikaenda kisimani mwenyewe. Nikarudi nalo limejaa, bila kata, na umri huu. Shingo mpaka leo haigeuki kushoto, ila usimwambie mtu.

Mhando akainuka kunipokea. "Baba, wewe hawakukucheka?"

"Walinicheka Misima nzima. Umeniona nimekufa?"

"Na mama ulimbebea mpaka lini?"

"Mpaka siku aliyolala."

Akaivaa kata, akaenda. Akarudi amelowa mpaka magotini. Zena akacheka, akacheka, kisha nikamsikia akimwambia shangazi ngoja kwanza, amekumbuka kubana.

Wamerudi Mazinde, pete anayo, kata nimewapa. Msumari uko mtupu, nautazama kila nikiamka. Lakini nakuahidi hivi: kila siku ya Zena kwenda Korogwe nitakuwepo, nikae nje na wajukuu, na kabla ya kurudi nimkague Mhando utosi. Nisipoona alama ya debe, atanitambua.

Na ule mlimao niliopanda kichwani pa kaburi lako, maji yake nachukua kichwani, si mkononi.

Pumzika, mke wangu. Zamu bado ni yangu.

Mimi mumeo, wa kwanza darasani.