Bamba Nyuma ya Kabati

Mpendwa Dada,

Salamu zangu zikufikie ukiwa mzima, na goti lisiwe linakusumbua tena. Mimi mwili hauna neno. Ila kichwa changu sikielewi, ndiyo maana naandika badala ya kupiga simu. Kwenye simu ungenikatiza.

Kazi yetu unaijua: povu jepesi lenye unga wa kaboni, la kubandika kwenye ndege ili limeze mawimbi ya rada, ndege isionekane. Wewe huiita kupika makaa. Mwezi uliopita kipande changu kilimeza kila kitu. Kipimo hakikuonyesha wimbi hata moja lililorudi. Mkuu wangu alinipa mkono mbele ya wote, nami nikavimba kichwa.

Sasa, kipande hupimwa kikiwa kimebandikwa kwenye bamba la alumini, linaloshika nafasi ya ngozi ya ndege. Bila bamba, mawimbi hupita tu, hayarudi, na kipimo hukusifu bure. Wiki mbili zilizopita, nikifagia, nikalikuta bamba nyuma ya kabati na vumbi lake la miezi. Dada, nakumbuka kabisa kwamba siku ile ya kipimo nililiweka nyuma ya kipande! Nikakaa chini, ufagio mkononi, nisijue niamini vumbi au nijiamini mimi.

Nikapima upya peke yangu, bamba likiwepo. Nusu ya mawimbi ikarudi. Nikarudia, yakawa yale yale.

Sijamwambia mtu. Kila asubuhi naufikia mlango wa mkuu, naulizia watoto wake, narudi zangu. Mara najiambia bamba lilikuwepo, mara najiita mwongo. Wakati huo ndege imeshabandikwa, na Jumatatu mwanao alikuja kuiona. Marubani wenzake walikuwa na shaka. Yeye akaligonga bawa kwa kidole, akawaambia hana wasiwasi wowote, kitu hiki kimepikwa na mama yake mdogo.

Nikacheka pamoja nao. Hilo linaniuma kuliko yote.

Leo nimeandika barua mbili. Ya mkuu naipeleka kwanza, kwa mkono wangu, ndipo niitume hii. Nikianza na wewe nitajiona nimeshasema. Kuruka ni wiki ijayo, kwa hiyo usihofu. Msalimie shemeji. Mwanao usimweleze lolote, nitamwambia mwenyewe kwamba nilicheka.

Ni mimi mdogo wako,
Mpika makaa