Chatu Amelala Kwenye Mahindi Yangu

Ijumaa, Aprili 1996. Saa kumi na moja jioni.

Mawingu yamejaa upande wa ziwa tangu asubuhi na mvua haishuki. Fukuto la namna hii linanichosha kuliko jua. Tangu nitoke bustanini nimeketi, nimesimama, nimechemsha chai na kuisahau jikoni, nimefungua daftari hili na kulifunga. Sasa nimeamua kuandika, maana nikizidi kuzunguka hapa uani hata mbuzi atanishangaa.

Kesho Mama anarudi kutoka hospitali ya Homa Bay. Mama ni mama mkwe wangu, mwenye boma hili. Anarudi kwa sababu nilimdanganya. Na ili uongo wangu usimame, leo nimeng'oa kwa mikono yangu bustani nzima ya mahindi, chatu akiwa amelala ndani yake.

Nikisoma maneno hayo naona kama yameandikwa na mtu mwenye homa. Lakini sina homa.

Mimi ni binti wa duka. Baba alitoka Mombasa akafungua duka la vitambaa mjini Migori, nami nikakulia nyuma ya kaunta nikipima kanga na kukata marinda. Hapa kijijini wote wananiita Nyar Mombasa, binti wa Mombasa, ingawa niliondoka huko nikiwa na miaka sita na ninachokijua cha bahari hakijazi kikombe. Ouma, mume wangu, anafanya kazi dukani kwa Baba na huja nyumbani mwisho wa wiki. Siku nyingine nabaki mimi na Mama. Miaka miwili sasa. Mtoto bado, na watu hawaachi kuniangalia tumbo.

Jambo la kwanza Ouma aliloniambia nilipofika hapa lilikuwa hili: mama wa boma ndiye anayetangulia kupanda. Aweke yeye mbegu ya kwanza ardhini, ndipo wakamwana wafuate. Anayemruka anaita chira, laana inayomkausha mtu wa nyumba ile mpaka aishe, na haichagui imwangukie nani. Nilitikisa kichwa kama ninavyomtikisia mchuuzi ambaye sitanunua kwake kitu.

Halafu Mama akaugua kabla ya mvua. Wakamlaza Homa Bay. Wiki ya kwanza ikapita, ya pili mvua ikaanguka, majirani wote wakaingia shambani na majembe yao. Shamba letu likabaki tupu. Kila asubuhi nilisimama mlangoni nikinusa udongo uliolowa na kusikia wenzangu wakiitana mashambani, nami mikono imelegea tu.

Nikajiambia bustani si shamba.

Hiyo ndiyo hila niliyojifanyia. Nyuma ya nyumba yangu, ndani ya ua wa minyaa, kuna kipande kisichozidi sebule mbili. Nikasema kipande hicho ni cha jikoni, ni kama kupanda dania kwenye kopo. Nikaweka mahindi mistari sita na maharagwe katikati. Nikiwa mkweli, haikuwa njaa. Nilitaka kuwaonyesha. Nilitaka siku moja Mama aniambie sikuja hapa kukalia kiti. Na pia sijawahi kuotesha kitu chochote maishani mwangu, hata ua.

Yakaota. Nilikuwa nikiamka na kwenda kuyaangalia kabla ya kunawa uso. Hakuna aliyejua.

Jumatatu hii asubuhi nikasikia kuku wanapiga kelele. Nilipofika, kuku wangu wa manjano hayupo, na chini ya mgomba ulio mwisho wa mistari amejikunja chatu, mnene kama paja langu, katikati amevimba kwa kifungua kinywa chake. Nilikimbia. Nilijikuta mlangoni na mwiko mkononi, sijui ulifikaje pale.

Marehemu bibi yangu alinifundisha kwamba nyoka akiingia kwako usikimbilie kumuua, huenda ni jini. Mwambie kwa upole aondoke. Mpe siku tatu. Asipoondoka, basi ni nyoka tu na dawa yake ni fimbo. Nikasimama mbali nikamwambia: kama wewe ni jini, nakuomba kwa jina la Mwenyezi Mungu uondoke, una siku tatu. Kisha nikafikiri, huyu ni mwenyeji wa huku, Kiswahili kimemfikia kweli? Nikarudia kwa Kijaluo changu cha dukani. Hakutikisika kwa lugha yoyote.

Aliyenisikia ni Mama Atieno, jirani wa upande wa pili wa minyaa. Alichungulia, akaona, akaingia mbio.

"Wacha hiyo mwiko," akaniambia. "Huyu ni ng'ielo. Hafukuzwi. Akikuja kwa boma, mavuno inakuja nyuma yake."

Kufika adhuhuri ua wangu umejaa watu. Wengine wameleta mayai, mzee mmoja amevua kofia. Wanawake wanacheka na kunipongeza. Mimi, ambaye majuma mawili nilikuwa nikifunga kijilango cha ua kwa kamba ili mtu asione, nimesimama katikati ya kijiji kizima kwenye mahindi yangu ya siri, nikipokea hongera kwa ajili ya nyoka.

Mama Atieno ndiye aliyeacha kumtazama chatu kwanza. Alitazama mistari. Alitazama shamba letu tupu ng'ambo ya ua. Akanivuta pembeni.

"Nyar Mombasa, haya mahindi nani alipanda?"

"Ni mimi."

"Na mamako ameshapanda?"

Akaondoka bila kuaga, na siku tatu hakunisalimu.

Huku, mtu asiyekusalimu amekwisha kusema mengi. Jumatatu ile nilikumbuka jambo nililolisukuma nyuma ya kichwa: Ouma aliniambia Mama ameacha kula, uji anaurudisha, na hilo lilianza wiki ile ile niliyopanda. Mimi nimesoma mpaka kidato cha nne. Najua ugonjwa ni ugonjwa na mahindi ni mahindi. Lakini sikulala vizuri, na nilipolala niliota Mama amekauka kama bua. Niliogopa. Niliogopa kuliko nilivyomwogopa nyoka.

Jumatano nikaenda Homa Bay kuungama. Njia nzima nilipanga maneno. Nilimkuta kitandani, mdogo kuliko nilivyomwacha, kitambaa cha kichwani kimemzidi. Alinishika mkono na kabla sijafungua mdomo akaniuliza kwa sauti ndogo:

"Nyathina, huko nyumbani mmepanda?"

Ananiita nyathina, mwanangu, akiwa na furaha nami. Nilifungua mdomo niseme ndiyo. Nikasikia sauti yangu ikisema:

"Bado, Mama. Tunakungoja wewe."

Alifumba macho. Nikadhani amelala, kumbe machozi yanamtoka pembeni yakiingia kwenye kitambaa.

"Nilifikiri mmeniruka," akasema. "Nilifikiri mmeona huyu ameshaenda. Basi mimi bado niko na boma."

Akaomba uji. Akamaliza kikombe, akaomba nusu nyingine, nao ukakaa. Muuguzi alipopita Mama akamwambia kwa madaha, huyu ni mke wa mtoto wangu, Jumamosi nataka kuenda kupanda. Daktari akasema akila hivyo siku mbili zijazo, hana sababu ya kumzuia. Jana Ouma alipita kumwona, akatuma habari na dereva wa lori: amekula ugali. Kesho Ouma anamleta.

Kwa hiyo ilinibidi uongo niufanye kuwa kweli, na ukweli wenyewe ulikuwa umefika urefu wa shubiri moja, wa kijani kibichi, mistari sita.

Chatu naye hakuondoka. Siku tatu za bibi zilikwisha jana. Watu wa pwani wanasema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Huyu wangu ana siku ya tano na jembe nimelishika mimi. Kwa sheria ya kwetu sasa ningeweza kumpiga. Kwa sheria ya hapa, nikimgusa nihame wilaya. Nami sikuwa na nguvu ya kuvunja mwiko wa pili kabla sijaumaliza wa kwanza.

Leo baada ya sala ya Ijumaa nikaingia. Nilianza mstari ulio mbali naye. Nilikuwa nimeinama, namtazama kwa jicho moja na mche kwa jicho jingine, jasho linanichuruzika mgongoni. Mche wa kwanza ulitoka kirahisi. Mizizi myeupe, udongo umeishika, na chini kabisa punje yangu bado ipo, imebaki ganda. Sikutarajia ile punje. Niliketi pale pale kwenye matope nikalia. Sikulia kwa sababu ya chira. Nililia kwa sababu kilikuwa kitu changu na kilikuwa kimekubali kuota.

Niling'oa mstari wa kwanza, wa pili, wa tatu. Kwenye wa nne nilikuwa hatua tatu kutoka kwake. Aliinua kichwa, ulimi ukatoka na kurudi. Nilisimama kama nguzo sijui kwa muda gani. Nikamwambia, sikuja kwako, nimekuja kwa hawa. Akalaza kichwa.

Ndipo nikasikia kijilango. Mama Atieno. Amejifunga leso kiunoni na ameshika jembe.

Nilijua amekuja kunikemea. Alitazama mahindi yaliyolala chini, akanitazama uso. Nikamwambia yote, maneno ya Mama, uji, machozi. Alinisikiliza mpaka mwisho, akaokota mche uliokatika.

"Unang'oa vibaya," akasema. "Unaacha mizizi. Mamako akiona mizizi ataelewa kila kitu."

Akaingia mstari wa sita, ule ulio karibu kabisa na chatu, akainama kana kwamba pale chini ya mgomba hakuna kitu. Tuling'oa pamoja. Maharagwe pia. Mbuzi alikula yote mpaka akachoka. Kisha Mama Atieno akatifua udongo upya, akausawazisha, akakata tawi na kufagia nyayo zetu tukirudi kinyumenyume kuelekea mlangoni. Inaelekea si mara yake ya kwanza kuficha kitu katika ardhi.

"Wale walikuja kuona nyoka?" nikamuuliza. "Hawatamwambia?"

"Nitaongea na wao. Mamako anapendwa hapa." Akafuta jembe kwa majani. "Kesho atakuta shamba safi na ng'ielo amelala. Atasema imemngoja yeye. Wewe mwache aseme hivyo."

Akavuka kurudi kwake. Kwenye kijilango akageuka akanisalimu, jioni njema, mke wa Ouma. Ni mara ya kwanza kuniita hivyo.

Ningepaswa kutulia sasa. Ua ni safi, mgeni wetu yupo chini ya mgomba wake, Mama anakula. Mbona basi siwezi kukaa?

Ni kwa sababu ya udongo. Mwaka jana nilimwona Mama akianza kupanda. Hakukimbilia mbegu. Alipiga goti, akachota udongo kwa kiganja, akausugua, akaunusa, akauonja kidogo kwa ncha ya ulimi. Akaniambia pale ulipolala muda mrefu na pale ulipofanya kazi haufanani hata kidogo. Ameshika ardhi hii tangu alipoolewa. Mama Atieno amefagia nyayo, lakini hakuna tawi la kufagia hilo.

Kesho ataanzia hapo bustanini alipo ng'ielo, atapiga goti mbele yangu, nami nitakuwa nyuma yake na kikapu cha mbegu. Atachota. Atanusa. Atajua, sina shaka, kwamba bustani ile ilikwisha kuotesha kitu. Atajua pia kwamba aliyekiotesha amekitoa, kwa ajili yake.

Kama atasema au atanyamaza, sijui. Nimezunguka ua huu jioni nzima na bado sijajua mimi mwenyewe naomba lipi.