Ndizi za Katana

Neema anaolewa! Ndiyo, binti yangu, tante yako Neema wa kiti cha magurudumu, mutoto muzuri kupita wote Bukavu. Aline mujukuu wangu, sasa pokea salamu. Sisi wote tuko salama.

Unaniuliza nitamuachiliaje. Alipokuwa mudogo, masista wa misioni ya Katana walikuwa wanapokea watoto wenye ulemavu semaine moja, siku saba, wazazi wapumuzike. Mimi sikuvumilia, nikamufuata mbele ya siku kuisha. Nikakuta sista anamulisha bugali, naye anacheka. Nyumbani alikataa mukono wowote isipokuwa wangu! Nikamuonea sista wivu.

"Maman, umekuja kunichukua tayari?"

"Hapana, nimekuletea ndizi tu."

Nikarudi peke yangu, nikalia njia nzima, kisha nikalala vizuri.

Bwana yake namuonea wivu vilevile, lakini robe ya ndoa nimeshona mimi. Njooni wote samedi, jumamosi ya kwanza ya mwezi wa nane.