Waya wa Koili

Kaka yangu mpendwa,

Huku hatujambo. Paka amezaa ndani ya sanduku lako la vitabu, na mama amekataza asihamishwe. Baba anafungua gereji kila siku.

Jumamosi alifunga koili mpya, ile inayopeleka moto kwenye plagi, kwenye pikipiki yake kuukuu, ile anayoiita mke mkubwa. Unakumbuka alivyotukaririsha: pikipiki nyingine waya wa betri huingia upande wa chanya wa koili, hii yake huingia hasi. Safari hii aliufunga kwenye chanya. Akapiga kiki mpaka shati likalowa, pikipiki ikawa inakohoa tu.

Fundi jirani akamtania, "Mzee, leo bi mkubwa kanuna!"

Baba akacheka, lakini macho yake yalinitafuta mimi.

Unanijua, mbele za watu sifungui mdomo. Nilingoja aende kunawa, nikageuza nyaya. Aliporudi, kiki moja tu ikanguruma. "Fundi ni fundi!" mafundi wa jirani wakashangilia.

Nilidhani hajajua. Jioni tukifunga mlango akanishika bega. "Mwanangu, usinifichie. Nionyeshe, ni upande gani?" Nikamwonyesha. Tulipofika nyumbani akaniuliza tena swali lilelile, kana kwamba sijamwonyesha.

Mama sijamwambia. Nilianza kukuandikia kwa Kiingereza cha shule nikidhani hakitauma sana. Kimeuma vilevile.

Kaka, usingoje likizo ndefu. Njoo angali anauliza.

Ni mimi,
kitinda mimba wenu