Mfalme wa Ukutani

Mama,

Ukuta wako bado umesimama, ila picha imebaki nusu. Naomba usikasirike kabla sijamaliza kueleza.

Unakumbuka ulivyomchora yule mfalme? Ulimwona kwenye kitabu changu cha shule, ukaniuliza yule mwenye kofia ya njuga ni nani. Nikakwambia ni chale wake, mchekeshaji wa mfalme, na ni yeye peke yake anayeweza kumwambia mfalme kwamba amekosea, asikatwe kichwa. Ukaguna: "Basi Rhobi, huyo ndiye mwenye kazi." Sisi Wakurya mfalme hatukuwahi kuwa naye, kwa hiyo ulimpa vyote ulivyodhani vinamfaa: kigoda, usinga, na tumbo kubwa. Chale ukamweka kando yake, anamnyooshea kidole na kucheka. Ulicheka mwenyewe mpaka ukakaa chini.

Hata ulezi wa msimu ule hukuwahi kuuvuna. Tulikuwa tumetoka tu kukuzika, Mwenyekiti wa kijiji akaja akasimama mbele ya ukuta. "Huyu ni mimi," akasema. Mama, naapa hakuna mtu aliyekuwa amesema hivyo! "Wageni wa serikali wanakuja kutoka Tarime. Mfute huyo mfalme. Ukikaidi nitakutaja kwao kuwa mpinga maendeleo, na kijijini hapa utahama."

Nihamie wapi? Nyumba yetu ya zamani walishaibomoa walipotuhamishia katika kijiji hiki cha ujamaa.

Nikakanda udongo huku nalia. Alama za vidole vyako zilikuwa bado kwenye lile tumbo. Nilizifukia, Mama, kwa mkono wangu huu. Nikamfuta mfalme na kigoda chake. Chale sikumgusa, maana sikuambiwa nimguse, na hasira nilikuwa nayo. Mwenyekiti alipokuja kukagua aliridhika. Kwake chale hakuwa mtu.

Siku ya wageni jua lilikuwa kali, na kivuli kilikuwa kwenye ukuta wetu tu. Viti vikapangwa pale. Mwenyekiti akaketi wa kwanza, akaketi palepale pa mfalme, usinga mkononi, tumbo mbele. Na chale kando yake, kidole kimemwelekea.

Jirani yetu Mama Ghati akainama, mabega yanamtikisika. Mgeni mkubwa akamtazama chale, akamtazama Mwenyekiti, kisha akaitazama kalamu yake muda mrefu sana. Mwenyekiti akaendelea kuhutubia habari za shamba la pamoja.

Mpaka leo hakuna aliyemwambia. Kila mkutano anaketi hapohapo, na watu siku hizi hawakosi mkutano. Naogopa siku atakayogeuka, Mama. Naogopa kweli, na wewe hupo wa kusimama mlangoni na mwiko wako.

Nikuache upumzike. Masika yatamwosha chale wako, nami nitamchora upya kila mwaka, kwa udongo uleule wa mtoni, hata wakinihamisha nitamchora huko. Hilo nakuahidi. Mfalme sitamchora. Anakuja mwenyewe, na kiti chake.

Mwanao,
Rhobi