Radhi Niliyomuombea Afra

Kilburn High Road,
London NW6.
Alkhamis, 13 Novemba 2025

Mpendwa kaka Hafidh,

Assalaam alaykum. Natumai barua hii inakukuta mzima, na mguu wako umepungua uvimbe. Presha ya wifi Raya je, imeshuka? Sisi miili yetu haijambo. Baridi imeshaingia, na mwanangu Zahra ana mafua anayonigawia kila wiki kama sadaka.

Nimeshika kalamu kwa sababu simu yako huachi kuiweka spika, na haya sitaki wifi ayasikie kabla yako. Msafiri wangu atakayekuletea barua hii anaondoka kesho.

Mwanao Afra bado yumo kizuizini, sasa wiki ya tisa. Unajua hakuiba wala hakumpiga mtu. Alisimama kwenye uwanja wa chuo chake huko Marekani, akasoma kwa kipaza sauti majina ya watoto waliouawa vitani. Wakamfutia viza, wakamkamata akitoka kufua nguo, wakampeleka jimbo la mbali asikojua mtu.

Wakili wake, Peris, binti wa Kikenya aliyekulia kule, amefungua kesi mahakama ya shirikisho. Nilivyomwelewa, hiyo ndiyo inayoweza kuiuliza serikali kuu imemshikia nini mtu. Katiba yao inakataza kumuadhibu mtu kwa maneno yake. Serikali inasema hii si adhabu, ni mambo ya viza, na jaji hayamhusu. Jaji ameamuru asihamishwe tena mpaka atakapoamua, na lini ataamua hakuna ajuaye. Hata Afra akishinda, serikali inaweza kukata rufaa na yeye akaendelea kukaa ndani. Mimi nilidhani mahakama ina siku moja ya hukumu, kumbe ni ngazi juu ya ngazi.

Sasa nakuja kwenye langu, na ninaona haya.

Unakumbuka ulipokamatwa wewe, kwa yale uliyosema mkutanoni? Marehemu Baba alivaa kanzu yake ya Idi, akachukua wazee wawili, akaenda kwa bwana mkubwa akainamisha kichwa. Akasema kijana amekosa, tunaomba radhi. Alasiri ulikuwa nyumbani unakula. Mkono usioweza kuukata, ubusu, ndivyo tulivyolelewa. Kwa hiyo uliponiambia nimuombee mtoto radhi, sikungoja. Nilimwandikia jaji.

Zahra alinikataza, kwa Kiingereza chake kama kawaida, akasema jaji haandikiwi hivyo. Nikamwambia wewe dunia huijui. Nikaandika kwamba Afra ni mtoto, alipotoshwa na wenzake, amekosa, na ukoo mzima unaomba radhi, hatarudia. Nilipotoka posta moyo ulikuwa mwepesi, jioni nikapika pilau.

Kumbe kule jaji hapokei barua ya pembeni. Kila kinachomfikia kinatiwa kwenye faili, na pande zote mbili zinasoma. Mawakili wa serikali wakaiokota yangu, wakaandika kwamba hata jamaa zake wanakiri alikosa.

Peris alinipigia. Hakunifokea, na afadhali angenifokea.

“Mama, huyo jaji haombwi msamaha,” aliniambia. “Kesi yetu yote ni kwamba Afra hana kosa.”

Anasema huenda jaji asiijali, maana mimi si shahidi. Huenda akaijali pia. Nilipiga simu mahakamani niirudishe, nikabonyeza namba mpaka kidole kikauma, mwisho karani akanijibu kwa adabu kwamba kilichoingia hakitoki. Kila asubuhi napanda treni kwenda Wembley kumuogesha yule bibi ninayemtunza, mikono inafanya kazi na mimi mwenyewe simo. Jumamosi nikiona watu wanaandamana mjini na mabango yao, nageuza uso. Naogopa, kaka. Kumuumiza mtu kwa kumpenda, sikujua kama kunawezekana.

Basi nakuomba: ile barua ya kumuombea Afra radhi, uliyoandikiwa na sheha wa mtaa ikapigwa muhuri, usiipeleke. Ichane. Najua utabaki mikono mitupu, kama nilivyobaki mimi, na watu wa kwetu hatujui kukaa tu.

Jumapili Afra alipewa dakika kumi za simu. Nililia, nikamweleza yote. Kisha akaniuliza kwa utaratibu:

“Shangazi, Baba alipokamatwa siku ile, alikuwa amekosa?”

Dakika zikaisha hapo. Miaka yote hii tulishukuru ulivyotoka, hatukukuuliza hilo.

Peris anasema ndugu wanaruhusiwa kumwandikia Afra mwenyewe. Anwani nimeiandika nyuma ya karatasi hii. Ukitaka kuandika barua, kaka, mjibu mwanao.

Nisalimie wifi Raya, na umwambie kwa namna utakayoona wewe. Msalimie shemegi Vuai na watoto wake, na bibi Mkasi mwambie bado nautumia mkeka wake. Mungu akutie nguvu, amfungulie mtoto mlango tusioweza kuufungua sisi.

Mdogo wako akupendaye, na aliyekosa yeye,
Mardhiya