Wali Wako wa Limau, Mtani Wangu

Mtani wangu Mwanaidi,

Sikuulizi hali, maana najua utanijibu kwamba umepumzika na kelele za Wanyamwezi, na mimi nitakosa la kusema. Mimi nipo, hapa hapa Bigwa, nyumba ile ile, goti lile lile la kushoto. Masika yameanza vizuri. Mlima umejifunika mawingu tangu juzi. Mlimau wako umezaa mpaka matawi yamelala juu ya ua, na malimau yanayoangukia upande wangu nayaokota bila kumwomba mtu ruhusa, kama nilivyozoea.

Nakuandikia kwa sababu kuna jambo nililiharibu siku ile tunakuzika, na sasa limekwisha. Nimetaka ulisikie kwangu kabla mmbea mwingine wa Bigwa hajakufuata huko akakusimulia kwa kutia chumvi.

Unakumbuka tulivyokubaliana. Mara ngapi tumelisema, tukichambua mchele barazani kwako: atakayetangulia, aliyebaki amfanyie utani wa haki msibani, wala asimwonee huruma. Babu zangu walipita hapa na mizigo kichwani wakielekea pwani, babu zako wakawapa maji ya kunywa na matusi ya kuondokea, na tangu hapo Mnyamwezi na Mluguru hawazikani kimya kimya. Mama yako alipofariki kule Kinole nilipanda mlima na watani wenzangu, nikalala katikati ya njia mbele ya jeneza, nikasema bibi huyu haendi popote mpaka nipewe jogoo. Ulicheka huku machozi yanakutiririka. Baadaye uliniambia kwamba bila kile kicheko usingeweza kula hata tonge siku ile.

Basi siku yako ilipofika, nikafanya kazi yangu. Kabla hujatolewa ndani nilijifunga kanga yako ile ya zambarau, nikaenda nyuma nikachuma limau, nikaja nikasimama mlangoni pale wanawake walipokuwa wamekuzunguka. Nikaweka mkono kiunoni kama wewe, nikabinua mdomo kama wewe. Nikasema, "Mwanaidi, amka. Miaka ishirini na mbili nakuomba unifundishe wali wa limau, leo umeona bora ufe kuliko kunifundisha. Mluguru mchoyo kuliko wote niliowahi kuwaona." Ndugu zako wa Kinole walicheka. Bi Mdogo, mama yako mdogo, alipiga mkeka kwa kiganja akasema huyo ndiye mtani. Nikajua nimeweza.

Ndipo Rehema akasimama.

Mwanao huyu mmoja ulimpeleka Arusha kwa dada yako akiwa darasa la tano, baba yake alipofariki, na ukafanya vema, alisoma. Lakini alikuwa akija likizo tu. Alituona tukitukanana juu ya ua akadhani ni ujirani. Msiba wa watani hakuwahi kuuona, maana hata bibi yake alipozikwa yeye alikuwa kwenye mitihani. Alisimama ameshika mtandio kwa mikono miwili, akaniambia polepole, "Mama, naomba utoke nje." Hakuniita ma'mkubwa. Tangu anajifunza kusema ananiita ma'mkubwa.

Nilitoka, na kanga yako mwilini, na limau mkononi. Najua mtani akifukuzwa anatakiwa arudi na kelele mara mbili. Nilishindwa. Nilikuwa nimeuona uso wa yule mtoto, Mwanaidi. Nilikaa nyumbani kwangu nikasikia mnakwenda makaburini. Mtani wako mimi, na jungu la msiba wako sikuligusa.

Rehema hakurudi Arusha. Alipata kazi hapa jirani, Kilakala, akasema nyumba ya mama haifungwi kufuli, na wajomba zake wakafurahi. Mimi pia nilifurahi, ila upande wangu wa ua. Tukikutana njiani alinipa shikamoo, nami nikaitikia marahaba, halafu geti linafungwa. Siku ya arobaini nilikwenda, nikakaa mwisho wa mkeka kama mtu aliyeteremka stesheni ya Mikese akapotea njia akaingia kwenye hitima asiyoijua. Nilikula nilichopewa nikaondoka. Bi Mdogo alinifuata mpaka kwangu akaniambia, "Nimemweleza. Kichwani ameelewa, moyoni bado. Mpe muda." Nikampa muda.

Lakini huo muda ulinitafuna. Nilikuwa nikisonga ugali wangu wa mtu mmoja najiuliza kama kweli ungecheka siku ile, au ungeniambia leo Mnyamwezi umepitiliza. Unaujua mdomo wangu. Mtu pekee ambaye angenikata kauli ni wewe, na wewe ndiye uliyekuwa umelala pale. Hilo liliniuma kuliko kufukuzwa.

Kisha ikaja habari ya wali wako. Rehema alianza kuupika siku za Ijumaa akirudi kazini. Ijumaa ya kwanza nilisikia harufu ya limau lililochemshwa, harufu ya dawa ya mafua. Ijumaa ya pili ile ile, na baadaye nikamwona anawamwagia kuku wako. Kuku walidonoa mara mbili wakaenda zao kutafuta wadudu. Nilicheka peke yangu jikoni, nikageuka nikuambie, nikakumbuka.

Ijumaa ya tatu nilimsikia anakwangua sufuria kwa hasira. Mkwaruzo ukakoma. Halafu nikasikia analia, kilio kile cha mtu anayejizuia asisikike.

Mwanaidi, nilijua anakosea wapi. Alikuwa anakamulia limau kwenye maji tangu mwanzo, na maganda anatumbukiza humo humo. Limau likichemka linakuwa chungu, punje inabaki na kiini kigumu, na majani ya giligilani yanageuka meusi. Nilijua yote hayo, mimi uliyeapa hutanifundisha. Kila nilipokuja ulinipa kile kigoda kinachotazama jiko, kisichotazama mlango, na ukianza kuupika mikono yako inapunguza mwendo. Nilikuwa nadhani nakuibia. Leo ndiyo naona kwamba ulikuwa unanifundisha miaka yote hiyo, mchoyo wa uongo wewe.

Nilikumbuka na siku ya kwanza. Nimeteremka kutoka Tabora, mume wangu kapangiwa kazi ya reli, mapacha mmoja mgongoni mmoja mkononi, simjui mtu. Ukaja na sahani imefunikwa, ukaniuliza kabila langu. Nilipokujibu uligeuka na sahani yako ukasema, "Kumbe nimebeba chakula cha watu nakileta kwa mtani." Ukasimama hapo uwanjani, umenipa mgongo, hutoi chakula wala huondoki, mpaka nikakutukana. Nilikuambia ufupi wako huo ni wa kubebeshwa ndizi utotoni. Ukageuka, umeridhika, ukanipa sahani. Sikuwa nimecheka tangu nitoke kwetu. Ulikuwa wali mweupe wenye chembe za njano na majani mabichi, pembeni maharage, na nilikula mpaka ukoko.

Kwa hiyo nilifungua geti lako nikaingia. Nilipiga hodi mlango wa jikoni. Rehema alijifuta uso kwa mkono wa gauni. Nikamwambia, "Rehema mwanangu, nimekuja kuomba radhi. Leo sina utani."

Akasema, "Mimi nilikuwa namlilia mama, na wewe ukamcheka."

Nilikuwa nimejiandaa kumweleza habari za mababu na mizigo na njia ya pwani. Yote yakanipotea. Nikamwambia, "Nilikuwa namlilia. Mimi nimefundishwa kumlilia hivyo." Na hapo nikaanza kulia kweli, kwa namna ya watu wengine wote, na sikuwa nimelia tangu ufariki, maana mtani analia wapi? Rehema akanisogezea kigoda. Tulikaa. Mvua ilipita ikaisha. Mwishowe akaonyesha sufuria kwa kidevu, kama wewe kabisa, akasema, "Huu wali umenishinda, ma'mkubwa."

Hilo neno la mwisho lilinitosha, lakini wali nao ulikuwa unangoja.

Nikamtuma akachume malimau mawili na ang'oe mchaichai pale kwenye bomba la maji. Mchele aliuosha mwenyewe, tukauacha uchuje maji. Nikamwonyesha kukwaruza ganda kwa kile kikwaruzio cha karoti, njano tu, ukiona nyeupe geuza. Alikuwa anakandamiza kwa nguvu, nikamshika mkono. Vitunguu saumu viwili kwenye mafuta kidogo, mchele ukageuzwa mpaka ukaanza kulia kwenye sufuria, mchaichai ukafungwa fundo ukatumbukizwa, maji na chumvi. Akachukua limau akamulie. Nikamwambia weka chini. Akaniangalia kama anayetaka kubishana. Nikamwambia limau la mama yako ni mgeni wa heshima, linaingia watu wote wakishakaa.

Maji yalipokauka tukatia zile chembe za ganda, tukapalia makaa juu ya mfuniko, tukangoja. Kungoja huko ndiko kulikokuwa kugumu kwangu, maana tulikuwa wawili na viti vilikuwa vitatu. Rehema alianza kuniuliza habari zako. Nikamsimulia ya Kinole na jogoo. Mwanzo alitabasamu kwa adabu, halafu akaniuliza, "Na mama alicheka?" Nikamwambia alicheka, na jogoo nikapewa, na tulimla pamoja naye. Akainama akapepea moto ambao haukuhitaji kupepewa.

Tulipoitegua sufuria akatoa fundo la mchaichai, akakamulia nusu limau, mbegu akazizuia kwa vidole, akatia giligilani aliyoikatakata na majani machache ya nanaa, akaugeuza kwa mwiko kutoka chini, taratibu. Tukafunika tena kidogo. Ulipofunguliwa, mvuke uliotoka ulikuwa wewe mtupu.

Alikula amesimama. Tonge la kwanza alifumba macho akasema, "Ndiyo huu." La pili akalitafuna polepole. La tatu akakaa. Nilimwacha alie na ale, kwa sababu anaweza kufanya yote mawili, katoka kwako.

Mimi nilimaliza sahani yangu nikainyoosha niongezwe, kama mtu wa nyumbani. Rehema akaivuta sufuria upande wake. Akanitazama sana, uso mkavu, mpaka nikadhani lile donda limefunguka upya. Kisha akabinua mdomo. Akasema, "Ya pili hupati, Mnyamwezi. Ya pili nitaipika siku ya msiba wako. Nitaileta mpaka hapo ulipolala nikwambie amka ule, na usipoamka nitaila mwenyewe mbele ya wanao. Na hao Kulwa na Doto wakinifukuza, sitoki."

Mwanaidi, nilicheka mpaka nikashika ukuta. Hujui, na sijamwambia mtu, kwamba tangu nikuone umelala pale nilikuwa nimeanza kuuogopa msiba wangu. Wanangu wameoa mbali, hawajui utani zaidi ya ule wa mpira. Nilijiona nitazikwa na watu wastaarabu wanaonong'ona, wamekunja mikono, wakisema mama alikuwa mtu mwema, na hakuna hata mmoja atakayesimama kunisema ukweli. Sasa yupo. Umeniachia mtani, na ana ulimi wako.

Jana nimempelekea karanga. Amezikagua, akaniuliza kama Tabora hamna karanga zilizoshiba. Nimerudi nyumbani nimefurahi kama mtu aliyepewa shamba.

Basi pumzika, Mluguru wangu. Mungu akupe kivuli na maji baridi, na ukipata jirani huko, mtukane kwanza ndipo umpe chakula, ndivyo unavyopata watu. Kaburi lako nimelipalilia Jumapili, sikung'oa kitu ulichokipenda. Rehema usiwe na wasiwasi naye, nitamwangalia kama ninavyowaangalia wangu, na Ijumaa tunapika wote. Ila nikuambie ukweli: matusi yake bado machanga. Lile la sahani lilikuwa zuri, lakini sauti ilimtetemeka, na mtani hatakiwi kutetemeka. Anahitaji miaka mingi ya mazoezi, na wa kumfanyisha mazoezi ni mimi. Kwa hiyo nakuahidi, sitakufa upesi.

Mnyamwezi wako,
Mama Kulwa